Sahihi kwa Niaba ya Monsieur Lambert

Wadogo zangu wa section ya Kiingereza,

Mwezi uliopita, siku niliporudisha ufunguo wa chumba cha lugha, mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Nadhani mlitarajia habari za vyeo. Vyeo sitavigusa, vilikuja vichache, vikachelewa, na vingine vilipita mlangoni kwangu bila kubisha hodi. Nitawaeleza habari za chaki, mashine ya kanda, na sahihi moja iliyonichukua miaka minane kuiandika. Mkichoka katikati, kachemsheni chai kisha mrudi.

Nilizaliwa Kigoma, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na huko Tanzania ndiko nilikosomea ualimu wa Kiingereza. Bukavu nilikuja kumtembelea shangazi yangu aliyeolewa Kadutu, nikiwa na ruhusa ya mwezi mmoja na sanduku moja. Nchi ilikuwa imeanza kuitwa Zaire. Lori lililonipandisha kutoka Uvira lilisimamishwa mara tatu kabla na baada ya Kamanyola ili kila abiria aeleze yeye ni nani, na mara zote tatu nilijieleza vizuri. Sikujua kwamba kazi hiyo ya kujieleza ningeifanya kwa miaka mingi.

Shangazi alisikia kanisani kwamba institut ya ualimu inatafuta mtu wa kufundisha Kiingereza cha kuzungumza na kuandika. Jumatatu yake nikapanda kilima nimevaa sketi ya kijivu na blauzi nyeupe, kama tulivyofundishwa nyumbani kwamba mwalimu huvaa. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Siku zile wanawake wa nchi walitakiwa kuvaa pagne, yaani kitenge, na watu wote waliitana citoyen na citoyenne, yaani raia. Mlinzi wa lango akaniuliza pagne yangu iko wapi. Nikamjibu kwamba mimi si citoyenne, natoka Tanzania.

"Basi uko madame?" akauliza.

Sikuwa na hakika. Nikasema labda.

"Hapana, maman. Bamadame beko bazungu. Weye hauko citoyenne, hauko madame. Nitaandika nini mu kitabu?"

Mwishowe aliandika "mgeni", na neno hilo likakaa mbele ya jina langu katika kitabu cha lango muda mrefu kuliko alivyokaa mlinzi mwenyewe. Wahenga husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa asubuhi ileile.

Aliyenipa ni Citoyen Cirhuza, mkuu wa section. Alikuwa Mushi, mtu wa kabila la Washi wa Kabare, mrefu asiye na haraka, mwenye kalamu tatu katika mfuko wa koti lake la abacost na rula ya mbao aliyotembea nayo hata akienda kunywa maji. Alinisikiliza nikisoma ukurasa mmoja wa kitabu, akaniuliza maswali mawili, kisha akaniambia darasa la saa nne halina mwalimu. Nikaingia. Wanafunzi arobaini wakasimama. Nilipowasalimu kwa Kiingereza walinitazama kwa mashaka, na nilipowaeleza jambo kwa Kiswahili changu cha Kigoma wakacheka hadi madirisha yakasikia. Walisema naongea Kiswahili cha redio.

Cheo changu kilikuwa répétitrice, yaani mtu wa kurudia na wanafunzi yale waliyokwisha kufundishwa na mwenye somo. Mwenye somo alikuwa Monsieur Lambert, mzungu aliyeletwa na serikali ya kwao. Shida ndogo ilikuwa kwamba katika Kiingereza cha vitendo mwenye somo hakuwa amefundisha kitu, kwa hiyo hapakuwa na cha kurudia. Nikaanza mwanzo.

Msimfikirie vibaya. Monsieur Lambert alikuwa mtu mpole, mwenye kusahau miwani, na kila Alhamisi alisoma maandishi yake ya fasihi akiwa ameketi, kwa sauti ya kuombea wagonjwa. Alikuwa na nyumba Nguba, bustani ikishuka hadi ziwani, na mara mbili kwa mwaka alitualika chai. Yeye ndiye aliyenifundisha kukata na kuunga kanda za sauti kwa wembe na gundi, kazi ambayo sikuwahi kuiona chuoni. Saa nzima alisimama nyuma yangu bila kuninyang'anya wembe hata mara moja. Walimu wenye subira ya namna hiyo ni wachache, na namshukuru mpaka leo.

Mwisho wa mwaka wa kwanza ikaja karatasi ya alama, ile tunayoiita fiche. Juu yake huandikwa jina la somo na jina la mwenye somo, katikati majina ya wanafunzi na pointi zao, chini sahihi. Nilikuwa nimesahihisha mitihani yote. Monsieur Lambert akanitengea kiti, akanipa kalamu yake ya wino, akasema mimi ndiye ninayewajua wanafunzi, hivyo niweke sahihi mwenyewe: niandike p.o., herufi mbili za Kifaransa zenye maana ya kwa agizo la fulani, kisha jina lake. Nitawaambia ukweli, nilijiona nimeheshimiwa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na mtu mkubwa ameniamini na jina lake. Niliifanyia mazoezi ile "p.o. Lambert" kwenye daftari la shangazi, nikaiandika kwa mkono mzuri, na kila mwaka mkono ukazidi kuwa mzuri.

Heshima ya chaki ilikuwa habari nyingine. Chaki ilikuwa adimu, na kabati lake lilishikwa na Maman Nabintu, sekretari wa section, mjane wa makamo aliyefunga ufunguo kwenye ncha ya pagne yake. Wenye masomo walipewa boksi zima mwanzoni mwa mwaka, limeandikwa jina. Sisi warudiaji tulipewa vijiti viwili kwa kila somo, na kwa vijiti hivyo viwili tulitakiwa kuandika katika kitabu chake siku, darasa, somo, na sahihi yetu wenyewe. Hapo p.o. haikukubaliwa. Niliijaribu mara moja, Maman Nabintu akanirudishia kalamu akisema chaki inashikwa na mkono wa mtu, haishikwi na agizo.

Jambo hilo liliniudhi kuliko njaa. Nilidhani ananiona mwizi, mgeni atakayebeba chaki za Zaire akaziuze Kigoma. Miaka miwili nilitia sahihi bila kumwangalia usoni. Yeye hakubadilika: salamu, kitabu, vijiti viwili, na kama kimoja kimevunjika njiani hilo lilikuwa la kwangu na Mungu.

Chombo changu kikubwa kilikuwa mashine ya kanda, nzito, yenye magurudumu mawili ya utepe, tuliyoibeba watu wawili kutoka kabati hadi mezani. Umeme ulipokuwepo, ilitoa mazungumzo ya mwanamume na mwanamke wakinunua tiketi ya treni. Wanafunzi wangu wengi hawakuwa wameiona treni, ila tiketi hizo walizinunua vizuri sana. Umeme ulipokatika, nilizicheza sauti zote mbili mwenyewe, na ya mwanamume niliitoa kifuani. Kuna walimu wa sekondari Kivu nzima ambao mpaka leo wanaongea Kiingereza cha mwanamume mwenye mafua, na kosa ni langu.

Katika mwaka wangu wa pili nilipata mwanafunzi aliyenishinda. Aliitwa Wabiwa, ametoka Mwenga, binti wa mchimba dhahabu ambaye alikuwa ameapa kwamba mtoto wake hatashika sururu. Aliandika Kiingereza safi kuliko wenzake wote, lakini akiambiwa aseme alinyamaza. Hakuwa na aibu ya kawaida. Alisimama, akatazama ukuta, na machozi yakatoka bila sauti. Wenzake walikuwa wamemcheka siku ya kwanza kwa matamshi yake, naye akafunga mdomo kama mtu afungavyo duka. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikampa sifuri; vyote bure. Mwishowe nikamwomba aje Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya kufagia na kufyeka tuliyoifanya sote. Nikamweka mbele ya mashine ya kanda, nikampa karatasi ya tiketi za treni, nikatoka nje na kufunga mlango.

Niliporudi alikuwa amenasa sauti ya mwanamke yote. Nikaikata kwa wembe, nikaiunga na ya mwanamume, na Jumatatu nikaicheza darasani bila kusema ni nani. Wenzake wakaniuliza yule mama Mwingereza nimempata wapi. Wabiwa akacheka, mara yangu ya kwanza kuona meno yake, kisha akasimama na kujibu swali kwa sauti. Nimefundisha miaka mingi, na bado sijui kama kuna siku nyingine niliyofurahi vile.

Sasa niseme juu ya malipo, mara moja tu, kisha niyaache. Monsieur Lambert alilipwa na kwao. Wasaidizi raia, yaani walimu vijana wa nchi hii, walilipwa na Serikali, pamoja na pesa ya nyumba na ya usafiri. Mimi, kwa kuwa sikuletwa na nchi yoyote wala sikuwa mtoto wa nchi hii, nililipwa kutoka fungu lilelile lililonunua stensili na mafuta ya taa. Mwezi wa mitihani, stensili zikiwa nyingi, mimi nilisubiri. Likizo ya miezi mitatu haikuwa na kitu, kwa kuwa hakuna anayenunua stensili likizoni. Sikuwa peke yangu katika hali hiyo: palikuwa na Mrundi aliyefundisha Kifaransa na Mganda aliyekuja akaondoka. Tulikuwa popo, si ndege si mnyama.

Likizo hizo nilikaanga mandazi nikauza soko la Kadutu. Ndipo Agosti moja Wabiwa aliponikuta nyuma ya sinia, unga hadi viwikoni. Nikatamani ardhi ipasuke. Yeye alisimama wima mbele ya sinia, akanisalimu kwa Kiingereza, sentensi ndefu yenye adabu zote, watu wa soko wakageuka kutazama. Akanunua mandazi mawili. Nilipokuwa nikimfungia kwenye gazeti aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini jina langu halikuwa popote kwenye karatasi za matokeo, hali mimi ndiye ninayewafundisha. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Akanitazama, akatazama mandazi, akaenda zake.

Miaka ikaenda. Wabiwa akamaliza kwa alama kubwa, na katika mwaka wangu wa saba institut ikamwajiri kuwa msaidizi. Nilifurahi hadi nikalia. Siku hiyohiyo ya kuajiriwa alinipita: mshahara wake wa kwanza ulikuwa juu ya wangu, na jina lake likaandikwa kwenye ratiba. Ratiba ya kwangu ilisema "Lambert", kama siku zote. Sikuwa na wivu naye. Niliumia, hilo sikatai, na maumivu yenyewe hayakuwa na mtu wa kuelekezwa.

Mnajua siku ya proclamation ilivyo. Matokeo yanasomwa uani, wazazi wamejaa, kila mmoja ana kopo la poda la kummwagia mtoto wake akifaulu. Mbele hupangwa viti vya walimu wa jury, yaani jopo la watahini. Warudiaji hatukuwa na kiti; tulisimama nyuma ya kamba pamoja na wazazi, na miaka yote mimi nilirudi nyumbani mweupe kwa poda za watoto wa wengine. Mwaka huo Wabiwa alikuwa na kiti, mstari wa pili. Kabla Citoyen Cirhuza hajafungua karatasi, Wabiwa aliinuka, akavuka uwanja kwa viatu vyake vipya, akapita chini ya kamba, akasimama kando yangu. Kiti kikabaki wazi mbele ya watu wote. Mkuu akamwashiria arudi. Hakurudi. Mkuu akaja mwenyewe, rula mkononi, akamwuliza kwa upole kuna nini.

"Citoyen chef," akasema Wabiwa, "mwalimu yangu akisimama, mi nitaikala namna gani?"

Mkuu alirudi mezani akasoma matokeo yote hadi mwisho, sisi wawili tukisimama palepale. Nilimkasirikia yule binti, maana alikuwa ameweka kazi yake mpya rehani kwa ajili yangu bila kuniuliza. Tulipotoka nilimgombeza njia nzima. Alinisikiliza, kisha akasema basi niandike barua, ili asilazimike kusimama tena mwaka ujao.

Wiki hiyo Monsieur Lambert akamaliza mkataba wake na kwenda zake. Aliniachia kinasa sauti chake kidogo na wembe wa kukatia kanda. Niliona aibu kumwomba kitu kingine.

Barua niliiandika mwanzoni mwa mwaka wa nane. Niliomba vitu viwili: niwe mwenye somo ninalolifundisha, na nilipwe sawa na raia anayefanya kazi kama yangu. Citoyen Cirhuza akaisoma mara mbili mbele yangu. Akaniambia kwamba ombi ni la haki, lakini haki hupita barazani, na baraza litataka ushahidi kwamba nimelifundisha somo hilo. Kisha akasema jambo lililonipunguza damu: imetoka amri kwamba kila mgeni wa mkataba asiye na somo lake asiongezewe mkataba mwakani. Barua yangu ikikataliwa, sitarudi kuwa mrudiaji. Nitarudi Kigoma.

Tukafungua kabati la karatasi za alama ili kupata ushahidi. Mwaka wa kwanza: mwenye somo, Lambert. Sahihi, p.o. Lambert. Mwaka wa pili, vilevile. Tulizipanga zote saba mezani, mwandiko wangu mzuri, wino umekaa vizuri, na hakuna hata moja iliyonitaja. Citoyen Cirhuza aliweka rula yake chini ya kila sahihi, moja baada ya nyingine, akitafuta jina langu. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu na kwa adabu yangu, nilikuwa nimejifuta miaka saba. Nilimwandikia Monsieur Lambert kumwomba ushahidi. Posta ya wakati ule mnaijua kwa kusimuliwa tu.

Siku ya baraza niliambiwa nikae katika chumba cha sekretari, mlango wa baraza ukiwa wazi kidogo. Nilisikia mmoja akisema kwamba neno la wanafunzi si hati. Mwingine akasema Madame Esta, yaani mimi, ni mtu mzuri, hakuna anayekataa, lakini katika karatasi hayupo. Walisema kwa huruma, na huruma ile ilinikata maini. Nikaanza kuhesabu nguo nitakazoweka katika sanduku langu.

Maman Nabintu alikuwa anapiga chapa. Akaacha. Akafungua fundo la pagne, akachukua ufunguo, akafungua kabati la chaki, akatoa vitabu vyake viwili virefu. Kisha akatoa maboksi, moja moja, saba, akayapanga juu ya vitabu na kunipita bila kunitazama. Akausukuma mlango kwa kiwiko.

"Munisamehe, bacitoyens," akasema. "Mi siko membre. Lakini munatafuta nani alifundishaka anglais, na mi niko na kitabu ya chaki."

Akaweka mzigo mezani. Nilisimama nikaona yote kupitia mlango.

"Jina ya Madame Esta iko humu kila siku ya kazi, myaka saba. Siku, darasa, cours, na anasinya yeye mwenyewe. Na hii ni maboksi ya Monsieur Lambert, moja kila mwaka. Muangalie. Hakuna yenye alifungulaka."

Mjumbe mmoja akachukua boksi, akaligeuza, akakuta gundi ya kiwandani bado imeshika. Mwingine akauliza kwa uchungu mkubwa ina maana maboksi saba ya chaki yamekaa kabatini wakati sisi sote tunaandika kwa vipande. Maman Nabintu akajibu kwamba yalikuwa na jina la mtu. Nadhani kwa dakika kadhaa chaki iliwauma zaidi kuliko mimi. Kuna aliyejaribu kusema kwamba mtu anaweza kufundisha bila chaki, naye Maman akamwuliza kama ni Kiingereza cha kuandika, kwa watu arobaini.

Citoyen Cirhuza alifungua kitabu katikati, akaweka rula chini ya sahihi yangu, akaishusha mstari kwa mstari hadi mwisho wa ukurasa. Akageuza. Akashusha tena. Aliwaambia wenzake neno moja tu.

"Tulikuwa tunamutafuta Madame pahali yenye tulikatalaka kumuweka."

Baraza likakubali. Maboksi saba yakagawanywa kabla mkutano haujafungwa, na mimi nikapata moja, zima, na jina la Lambert nikalikwangua kwa wembe wake mwenyewe. Nilimfuata Maman Nabintu nikataka kumshika mikono, kumwomba msamaha kwa miaka ile ya kutomwangalia usoni. Nilimwambia kwamba nilidhani ananiona mwizi. Alishangaa. Alisema alikuwa akiwaandikisha warudiaji kwa sababu hakuna kitabu kingine ndani ya nyumba ile kilichotuandika, na kwake mtu anayeingia darasani lazima aonekane mahali. Kisha akanipa vijiti viwili na kitabu, kwa kuwa amri ya Kinshasa ya kuthibitisha uamuzi wa baraza ilikuwa bado haijafika na mimi bado nilikuwa mrudiaji.

Kinshasa walijibu wiki mbili kabla ya mitihani. Nikawa mwenye somo, na mshahara wangu ukawa sawa na wa wasaidizi raia. Mtacheka: miaka iliyofuata Serikali ilianza kusahau kulipa, nami nikasahauliwa sawa na wenzangu, kwa haki kabisa, bila ubaguzi wowote. Tuligawana unga na sabuni, na mandazi yangu yakaliwa na baraza zima. Mume nilimpata baadaye, lakini hiyo si ya barua hii. Na barua ya Monsieur Lambert ilifika pia, imechelewa miezi minane: mistari michache, kwamba somo lote nililifundisha mimi, kwamba alipaswa kulisema alipokuwa bado hapa na anaona haya, na je, mashine ya kanda bado inazunguka. Niliitunza. Ilikuwa inazunguka.

Nimewaandikia haya yote kwa sababu ya jambo moja. Nimesikia kwamba mwalimu mpya wa Kifaransa, yule dada wa Bujumbura, anasahihisha mitihani yote na kuweka sahihi ya p.o. Nimesikia pia kwamba anashukuru kwa kuaminiwa. Mpelekeni kabatini. Karatasi za mwaka wangu wa nane ziko rafu ya chini, kushoto.

Mwisho wa mwaka huo wa nane Maman Nabintu alinipigia chapa karatasi yangu ya kwanza. Mwenye somo: Esta Bukuru. Akaniwekea mezani, akasimama kando aone. Nikachukua kalamu, nikainama, na mkono wangu, wenyewe, kwa mwandiko ule mzuri, ukaandika p.o.

Nilizitazama zile herufi mbili. Sikuweza kuinua kichwa.

"Madame," akasema polepole, "sasa unasinyia nani?"

Nikaomba karatasi nyingine. Hakukuwa na nyingine. Ile ilikuwa ya mwisho katika boma zima. Akaenda kuazima rula ya Citoyen Cirhuza, akanishikia karatasi isisogee. Nikazikata zile herufi mbili kwa mstari mmoja. Mtaukuta hapo, umenyooka, na chini yake jina langu lote.